Nawafundishaje wahudumu kumsaidia mwanamke mwenye ulemavu anayefanyiwa ukatili nyumbani?

Mkufunzi_M: Wakuu, salaam. Nimepewa siku mbili za kuwafundisha wauguzi, polisi, maafisa ustawi na watu wa mapokezi. Kinachonisukuma ni jambo nililoliona kwa macho yangu. Mama mmoja kiziwi aliletwa na mumewe, mkono umevimba. Muuguzi akamuuliza mume, mume akajibu "kateleza bafuni", ikaandikwa hivyohivyo. Yule mama alikuwa ananitazama mimi, anafumba na kufumbua kiganja cha mkono mzima. Sikujua anasema nini. Wakaondoka pamoja. Slaidi za sheria ninazo tele, ila naogopa watazisikiliza kisha warudi kufanya yaleyale. Nianzie wapi?

Mikono_Inasema: Anzia kwa huyo mume. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama, na hilo nimekutana nalo mara nyingi. Mume, mkwe, hata mtoto, hakuna anayefaa kumtafsiria. Wape sentensi moja: "Utaratibu wetu ni kumwona kila mtu peke yake kwanza." Waitamke darasani kwa sauti mpaka iwakae mdomoni, kwa sababu mhudumu akibabaika mume anashtuka, na mama ndiye atakayelipia nyumbani. Namba za wakalimani ziwe mezani kabla shida haijaja. Kwa simu ya video pia inawezekana. Msitegemee karatasi na kalamu, kuna viziwi wengi ambao kusoma kwao ni kwa shida. Na mama aulizwe kama anamkubali mkalimani huyo. Jamii ya viziwi ni ndogo, watu wanajuana.

Magurudumu: Natumia kiti mwendo. Miaka sita sikupigwa hata kofi. Alikuwa anakiacha kiti sebuleni, anafunga mlango wa chumba, anaenda kazini. Simu anaiweka juu ya kabati. Nilipokwenda kuripoti nikaulizwa, "Alikupiga wapi?" Sikuwa na alama ya kuonyesha. Fomu ilikuwa na mchoro wa mwili, haikuwa na mahali pa kuandika kwamba nimenyimwa kiti.

Wafundishe kuuliza: Kuna mtu anakuzuia kutumia kifaa chako? Dawa zako anazishika nani? Hela je? Anayekuogesha ni nani, na unamwogopa?

Halafu lile neno "ondoka tu" walifute kabisa. Aliyekuwa ananitesa ndiye aliyekuwa akininyanyua kitandani. Niambie kwanza kesho asubuhi nitanyanyuliwa na nani, na hiyo nyumba salama ina ngazi ngapi.

Afisa_Ustawi: Dada Magurudumu, pole sana, na asante. Mkufunzi, sheria usizitupe zote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 13, unataka wanaosimamia haki wapewe mafunzo, polisi wakiwemo. Hiyo mwonyeshe bosi anayesema siku mbili ni nyingi. Darasani kazania mwanamke mwenye ulemavu wa akili. Nimesikia mara ngapi "huyu ushahidi wake hausimami" kabla hata hajafungua mdomo! Maswali yawe mafupi, jambo moja kwa wakati, usimwekee jibu mdomoni, kisha unyamaze umsubiri. Kumsubiri huko wakufanyie mazoezi, ndiko kunakowashinda.

Mkufunzi_M: Na akikataa msaada?

Afisa_Ustawi: Uamuzi ni wake, sawa na mwanamke mwingine yeyote. Wajue mapema ni mambo gani sheria inawalazimisha kuripoti, na wamweleze hayo kabla hajaanza kusimulia, siyo baada. Akisema hapana, mhudumu aache mlango wazi: njia salama ya kumpata, na siku ambayo yule mtu hayupo.

Mkufunzi_M: Nimepangua ratiba. Asubuhi yote ya siku ya kwanza ni mazoezi ya kumtoa msindikizaji chumbani. Dada Magurudumu, ungekuja kufundisha kipindi cha maswali? Utalipwa kama mwezeshaji, sawasawa na mimi.

Magurudumu: Nitakuja. Ukumbi uko ghorofa ya ngapi?

Mkufunzi_M: Ya pili, na lifti hakuna. Natafuta ukumbi mwingine leo hii.