Naomba ushauri: bweni linafungwa baada ya mitihani, nikae wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nasoma shahada ya kwanza Minnesota, Marekani, kwa viza ya F-1. Nimebakiza mtihani wa takwimu tu, kesho yake bweni linafungwa hadi katikati ya Januari. Nauli ya kurudi Mwanza Desemba hii siiwezi, na baridi ya huku si ya kubahatisha pa kulala. Nimeandikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni, bado kimya. Mgahawa mmoja mjini umeniahidi kazi na chumba, ila F-1 hairuhusu kazi nje ya chuo bila kibali, naogopa sana.

Mliopitia haya, vyuo hukubali mtu abaki bwenini akiomba dakika hizi? Wakikataa, nianzie kwa nani?