Simu ina miezi minne, duka lakataa kuitengeneza eti iliingia maji. Nina haki gani?

BintiLikoni
Assalam aleikum. Nauza viazi vya karai na bajia Likoni karibu na feri, na oda zangu kubwa huja kwa WhatsApp. Mwezi wa pili nilinunua simu mpya mjini Mombasa kwa shilingi 23,500. Risiti ninayo, kadi ya waranti ya mwaka 1 ninayo, imepigwa muhuri. Kufika mwezi wa sita ikawa yashika chaji kwa kubembelezwa: mpaka niukunje waya uelekee chini, kisha niukandamize na kopo la chumvi usiku kucha.

Nikaipeleka dukani. Wakakaa nayo siku 9, wakanirudishia wakisema imepona. Nafika nyumbani, yale yale. Niliporudi mara ya pili kijana wa kaunta aliishika kidogo tu, hakuifungua, akasema, "Hii imeingia maji, waranti imekufa." Akanionyesha karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikitaka itengenezwe nilipe 4,500.

Wallahi simu hii haijaona maji. Nikikaanga, huwa mkobani, mbali na karai. Wiki jana ilizima usiku, nikakosa oda ya bajia za arusi. Na kilichoniuma zaidi ni kufanywa mwongo mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yangu.

FundiMajengo
Pole dada. Kazi ya kutengeneza simu naifanya mwaka wa 11 sasa. Zima simu, toa trei ya laini, umulike tochi mle ndani. Simu nyingi huwa na kibandiko kidogo humo, kama punje ya mchele, cheupe. Kikiguswa na maji hugeuka chekundu au cha waridi na hakirudi kuwa cheupe. Kipige picha na risiti ionekane pembeni. Kuna simu zinazokiweka ndani zaidi, kwa hiyo usipokiona usibabaike.

Tundu la chaji usilichokonoe kwa sindano. Na nakuomba, usimpe fundi yeyote wa mtaani aifungue sasa hivi, hata mimi. Ikifunguliwa nje, duka litapata sababu ya kweli ya kukukatalia.

Baraka_254
Dada, lipa hiyo 4,500 uendelee na biashara. Mambo ya kortini yatakula muda wako kuliko bei ya simu.

MzeeKisauni
Baraka, kwa heshima, hapana. Akilipa leo, wiki ijayo huyo kijana atamwambia mwengine neno lilo hilo.

Mwanangu, nilikuwa karani kortini kabla ya kustaafu, nakueleza ninalolijua. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro. Hapo ndipo oda yako ya arusi inapoingia, kwa hiyo hifadhi ujumbe wa huyo mteja. Halafu iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Karatasi ya ukutani haiwezi kufuta dhamana ambayo sheria imekuwekea, hata waiandike kwa wino wa dhahabu.

Sasa niambie: walipoipokea mara ya kwanza, walikuandikia nini?

BintiLikoni
Walinipa fomu, Mzee. Nimeitoa kabatini sasa hivi. Tatizo: "haichaji vizuri". Hali ya simu: "nzuri". Chini wameandika "imetengenezwa kwa waranti", tarehe na sahihi. Neno maji halimo.

MzeeKisauni
Basi kesi yako iko kwenye karatasi hiyo. Wao ndio walioifungua, wakakaa nayo siku 9, na maji hawakuyaona. Itoe nakala 2 leo.

Waandikie barua fupi: tarehe ya kununua, bei, tarehe walizoipokea, unachotaka (itengenezwe bure, ibadilishwe au urudishiwe pesa), na uwape siku 14. Wasaini nakala yako. Wakikataa kusaini, itume kwa WhatsApp ya duka pia. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, ofisi ya serikali inayoshughulikia pia malalamiko ya wanunuzi, au nenda Korti ya Madai Madogo. Hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yataka iamue ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Utasimama mwenyewe, useme Kiswahili chako hichi hichi.

BintiLikoni
Shukran Mzee, shukran Fundi. Nimetoa trei na kumulika. Kibandiko nimekiona, cheupe pe pe pe. Picha nimepiga 3, mwanangu alinishikia tochi.

Barua nimeiandika kwa mkono. Nimeomba simu ibadilishwe, na nimeandika kwamba niombwe radhi pale pale kaunta. Naipeleka Jumatatu nikishamaliza kuuza asubuhi.

FundiMajengo
Ukienda, mwambie akuonyeshe hayo maji yako wapi. Simu isitoke machoni pako.