Eti "nani kakuandikia?" Huyu mwalimu wa falsafa sasa basi!

Kamwene wakuu. Nimetoka darasani sasa hivi, mikono inatetemeka na wala siyo baridi ya Iringa. Yule mwalimu wa falsafa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Aliyepita pale anamjua hata kwa kikohozi.

Leo ilikuwa mwanafalsafa Descartes, roho na mwili. Nikanyoosha mkono: mbona hatusomi barua za binti mfalme Elisabeth wa Bohemia, aliyembana huyo Descartes mwaka 1643 aeleze roho isiyoshikika inausukumaje mwili? Mzee akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaniangalia kama nimeingia na mbuzi. "Swali zuri, binti. Nani kakuandikia?"

NANI KAKUANDIKIA! Darasa zima hoi kwa kicheko. Kuna jamaa wa nyuma alipiga dawati, nadhani hata Ipogolo walisikia.

Muhula mzima ni midevu mitupu. Aristotle kaandika wanawake wana meno machache kuliko wanaume, na mke alikuwa naye ndani! Hakuulizwa kitu. Kant mwaka 1764 kasema mwanamke aliyejaza Kigiriki kichwani bora aote na ndevu kabisa. Hakuulizwa kitu. Mimi swali moja tu, nani kakuandikia? Na ile miwani anaifuta taratiiibu, jamani!

Mzee wa Ulanzi: Uzi tayari. Ila dada, na huu nani kakuandikia?

Mama Gangilonga: Pole mdogo wangu. Mimi aliniambia insha yangu ina mwandiko wa kiume. Nilikuwa nimeichapa.

Kipara Mafinga: Punguza munkari. Plato kasema wanawake wenye uwezo watawale mji, usiwatie wote kapu moja.

Mleta uzi: Hilo la Plato kaliruka! Angelifundisha nani, na miwani yote ile ya kufuta?

Bishoo wa Kihesa: Nyie mnalilia Wagiriki, wenzenu bumu, hela ya mkopo wa chuo, halijaingia. Mama mwenye nyumba kashafunga bomba.

Vitunguu Ilula: Bumu litaingia tu. Huku gunia ni lumbesa, limejazwa kupita kiasi, na dalali bado analishindilia kwa goti.

Kipara Mafinga: Yule mwenye kofia nyekundu?

Vitunguu Ilula: Huyo huyo! Juzi gunia limepasuka, kanikata hela eti nimeshona vibaya.

Mzee wa Ulanzi: Fungua uzi wake, mkuu. Huyo hata mimi ana deni langu.