Eksirei inasema hajavunjika, lakini mkono bado unamuuma upande wa gumba

Kaka_Mtu: Wakuu, naombeni ushauri. Siku 4 zilizopita mdogo wangu aliteleza akaangukia kiganja. Kule huduma ya dharura walimpiga eksirei, wakasema ameteguka tu, wakampa bandeji na dawa za maumivu. Uvimbe ni mdogo, ila mpaka leo hawezi kufungua kifuniko cha chupa. Nimrudishe au nivute subira?

Mama_Wawili: Pole yake. Mchueni na maji ya moto, atakaa sawa.

Fundi_Mifupa: Mama, samahani, asichuliwe kabisa. Kaka, mwambie ainue gumba juu. Chini yake, karibu na kifundo, patatokea kishimo kati ya kano. Bonyeza hapo taratibu, halafu linganisha na mkono mwingine.

Kaka_Mtu: Nimebonyeza, amepiga kelele. Mkono mwingine hasikii kitu.

Fundi_Mifupa: Basi mrudishe leo. Chini ya kishimo hicho kuna skafoidi, na kati ya vifupa 8 vya kifundo cha mkono ndiyo huvunjika zaidi. Ufa wake wakati mwingine hauonekani kwenye eksirei ya kwanza, ndiyo maana kazini hatuiamini picha peke yake. Mtu akiumwa pale, tunamhesabu amevunjika: anafungwa banzi linaloshika na gumba, anapigwa eksirei tena baada ya siku 10 hadi 14. MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ikipatikana, inaonyesha mapema zaidi.

Ninalolihofia ni damu. Inaingia kwenye mfupa huo zaidi kwa upande wa vidole, ndipo irudi nyuma. Ufa ukikata njia hiyo, kipande cha nyuma kinaweza kufa. Mwambie daktari wazi kwamba anaumwa kwenye kishimo. Kama ana pete, ivueni sasa hivi. Vidole vikifa ganzi au vikipoa, msingoje hata saa moja.

Mzee_wa_Plasta: Mimi niliambiwa nimeteguka, nikanyamaza miezi 7. Mfupa haukuunga. Nilifanyiwa upasuaji, wakatoa kipande cha mfupa nyongani, wakakipandikiza hapo na kufunga skrubu. Mdogo wako akikutwa na ufa, ajiandae kwa wiki 6 hadi 12 za plasta, na kama anavuta sigara aache, zinachelewesha mfupa kuunga.

Kaka_Mtu: Tumetoka huko sasa hivi. Daktari alipobonyeza tu, akaagiza banzi la gumba. Eksirei nyingine ni baada ya siku 10. Pete imetoka kwa sabuni. Asanteni sana.