Napaua Kigamboni: mbao za dawa, mbao ngumu au chuma?

Mchanga_wa_Pwani
Wakuu habari za jioni. Boma langu la vyumba vitatu Kigamboni limepita lenta, mwezi ujao napaua. Fundi ameniandikia 2x4 (inchi mbili kwa nne) vipande 140, na 2x2 za papi, zile za kupigilia bati, vipande 110. Yadini nimekuta paini ya kawaida ya Mafinga, na pembeni yake paini hiyohiyo ya kijani wanayoiita ya dawa. Hapo hapo kuna jamaa ananivuta shati niweke kenchi (fremu za kubeba paa) za chuma. Ya dawa imezidi shilingi 2,500 kwa kila kipande cha 2x4, yaani 350,000 kabla sijafika kwenye papi. Fundi anasema niachane nayo, tupake oili chafu, "mtaa mzima uko hivyo". Lakini huo mtaa mzima una mchwa wanaopanda ukuta kama wana hati ya kiwanja. Naomba ulinganisho kwa waliopaua. Wauzaji nawajua tayari.

Randa_na_Patasi
Mimi ni fundi seremala, miaka sita nimeila Mafinga. Oili chafu inakaa kwenye ngozi ya mbao tu. Mbao ikikauka ikapasuka, mchwa anapita kwenye ufa na kukuta chakula hakijaguswa. Isitoshe, jaribu kulala mwezi wa pili chini ya bati lenye oili juu yake, utasikia harufu.

Dawa ya presha ni habari nyingine. Mbao zilizokwisha kukauka zinasukumwa kwenye mtungi mrefu wa chuma, mlango unafungwa, hewa inanyonywa, dawa inaachiwa, halafu inakandamizwa kwa presha mpaka inazama ndani ya mti. Nimesema zilizokauka kwa sababu mbao mbichi imejaa maji, dawa haina pa kuingia. Iliyozoeleka ni CCA: shaba inashughulika na kuvu, aseniki inashughulika na wadudu, kromi inazifunga zisioshwe na mvua. Kijani unachokiona kinatoka humo. Nguzo za umeme za mkaratusi nazo hutiwa dawa kwenye mitungi.

Sasa usikariri kwamba mti wowote ukipita mtungini umepona. Paini inakunywa dawa vizuri kwenye nyama yake ya nje. Moyo wa mti haunywi. Mkaratusi ukiwa nguzo nzima una nyama pande zote, dawa inaushika. Ukiupasua 2x4, nyingi zinakuwa moyo mtupu, umelipia rangi.

MamaWawili_Bagamoyo
Hapo kwenye rangi, kaka, umenigusa kidonda. Nilinunua za kijani, nikalipa bei ya dawa, yadi siitaji. Mwaka wa tatu fundi wa dari akapanda kubadilisha jipsamu iliyolowa, akaniita, "Mama, njoo uone." Alikwangua 2x4 kwa kisu: kijani unene wa karatasi, chini yake nyeupe kama mkate. Zilichovywa kwenye pipa zikaanikwa jua. Mchwa walikuwa wamejenga njia zao za udongo kutoka ukuta wa jikoni mpaka kwenye kenchi ya pili. Nimebadilisha kenchi nne. Nikasema hewala, somo nimeshalilipia, basi wengine walipate bure.

Chuma_Mwanzo_Mwisho
Ndiyo maana mimi nilitoka huko kabisa. Mchwa hali chuma, haipindi, na kenchi ni nyepesi kubeba.

Randa_na_Patasi
Chuma sikikatai. Ila Kigamboni ni chumvi. Zile kenchi nyembamba zinaishi kwa zinki iliyopakwa juu. Kila mahali utakapokata kwa grainda au kuchomelea, zinki imeungua, na kutu inaanzia hapo hapo. Tumia skrubu, usichomelee. Na mtafute anayezijua kweli, kwa sababu kenchi ya chuma ikikosewa mahesabu hailii kwanza kama mbao, inajikunja tu. Kwa vyumba vitatu nisingehangaika.

Mzee_wa_Mkongo
Vijana mmesahau mbao za babu zenu. Nyumba ya marehemu baba yangu Lindi imepauliwa kwa mkongo na mninga, mimi nimezaliwa nimeikuta, na wajukuu wanaikuta.

Mchanga_wa_Pwani
Mzee shikamoo. Bei yake je?

Mzee_wa_Mkongo
Marahaba. Bei ndiyo ugomvi, na msumari unapinda kabla haujaingia, lazima utoboe kwanza. Siku hizi hakikisha pia mbao zina vibali vya TFS, wakala wa misitu, usije ukapaua kwa mzigo wa magendo. Na ukinunua, kataa kipande chenye nyama nyeupe pembeni. Hata mninga, ile nyeupe inabunguliwa vizuri tu. Wekeza kwenye milango na madirisha, paa liachie paini.

Forodhani_Kwetu
Huku Unguja wazee walitumia boriti za mikoko, hazikuhitaji mtungi wala presha. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, upana wake ndio urefu wa boriti. Natoka nje ya mada, niwieni radhi.

Kitengela_Jenga
Salamu kutoka Kenya. Kwetu desturi ni saiprasi, lakini serikali iliposimamisha ukataji kwenye misitu ya umma Februari 2018, paini yenu ndiyo iliyojaa kwenye yadi zetu. Niliyojifunza: angalia umri wa mti. Wakulima wadogo wanakata paini changa sana wakitafuta pesa ya haraka. Pete zake ni pana, na mbao inajipinda kama upinde ikiguswa na jua. Dawa haiongezi nguvu. Mbao dhaifu yenye dawa ni mbao dhaifu isiyoliwa. Tazama kichwa cha mbao: pete zikikaribiana, na kiini cha mti hakimo, chukua. Fundo likiwa kubwa katikati ya 2x4, weka kando.

Dada_Mwema_Dodoma
Samahani, mbona hakuna anayetaja kwamba aseniki ni sumu? Marekani watengenezaji waliacha kuuza CCA kwa matumizi mengi ya nyumbani mwisho wa 2003, na sisi tunaishangilia.

Randa_na_Patasi
Dada, swali lako ni la haki. Huko walihofia hasa sakafu za nje na bembea, vitu ambavyo watoto wanavigusa kila siku. Kenchi juu ya dari haiguswi na mtu, kwa hiyo hapo nakubali. Lakini usitengenezee meza ya jikoni, kabati la chakula, wala bembea. Fundi avae barakoa anapokata na anawe kabla ya kula. Maranda yake yasiende kwenye banda la kuku, naona watu wanayazoa kwa magunia. Na vipande visiwe kuni: moshi una sumu, na majivu yanabaki na sumu. Asiyeitaka kabisa atafute ya boroni. Ndani ya paa kavu inatosha, ila nje mvua inaiosha, kwa hiyo usiweke kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa.

Mchanga, jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka ni hili. Fundi wako atakata kila 2x4 ya kijani, na kila alipokata amefungua mlango. Vichwa vyote vipya vipakwe dawa ya brashi mara mbili, hasa pale kenchi inapokaa juu ya ukuta, maana mchwa anapandia hapo. Misumari iwe ya zinki, shaba inaila ya kawaida. Na mwaga dawa ya mchwa kuzunguka msingi kabla hujaweka sakafu.

Mchanga_wa_Pwani
Mrejesho. Jumamosi nilibeba msumeno wa mkono nikaenda yadi mbili. Nilisema nanunua kipande kimoja, nikate katikati, nikiridhika nachukua mzigo wote. Wa kwanza aliniuliza kama nimetumwa na TRA, akakataa. Wa pili alicheka akanishikia mbao. Kijani kiliingia karibu sentimita moja na nusu kila upande, katikati ikabaki doa jeupe dogo. Nimekata na cha pili, hivyo hivyo.

Randa_na_Patasi
Hiyo ni ya mtungi. Chukua, ila kwanza shika kwa mkono. Ikiwa bado imelowa, waambie waiache siku kadhaa, dawa haijashika.

Mchanga_wa_Pwani
Ilikuwa kavu. Nimelipia zote, na lita tano za dawa ya vichwa. Fundi amenuna, anasema kupaka brashi ni kazi ya ziada, anataka elfu sitini.

MamaWawili_Bagamoyo
Mpe. Mimi kenchi nne zilinigharimu zaidi ya hiyo, na jipsamu juu. Tena siku anapaka kaa hapo hapo na kiti chako, na vile vipande vya mwisho usimpe muuza chipsi.