Rais wa Marekani akisaini karatasi, nguvu yake inatoka wapi?

MwalimuTanga

Wakuu, salaam. Nafundisha uraia kidato cha nne hapa Tanga. Wiki hii tulikuwa kwenye mihimili ya dola, nikawaeleza wanafunzi kwamba Marekani kule Bunge hutunga sheria na rais huzitekeleza. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, mjomba wangu alikuwa anajaza bahati nasibu ya Green Card kila mwaka. Mwaka 2020 rais alisaini karatasi moja, Watanzania wakafungiwa. Hiyo si ndiyo kutunga sheria?"

Darasa zima likanitazama. Nikasema jibu nitalileta Jumatatu.

Sasa nawauliza mnaoishi huko au mliosomea sheria: rais wa Marekani anaweza kusaini lolote? Mpaka wake uko wapi? Naomba kitu ambacho mtoto wa miaka kumi na sita atakishika. Kitabuni kuna maneno "mizani ya madaraka" na hakuna mfano hata mmoja.

Mpembuzi77

Mwalimu, usijitese. Yule ni mfalme wa miaka minne. Majeshi yake, msamaha kwa wafungwa wake, kalamu yake. Waambie hivyo.

DerevaOhio

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Kigoma, huu mwaka wa tisa naendesha lori hapa Ohio. Nilipojiandaa kwa mtihani wa uraia nilikuwa nayasikiliza yale maswali 100 barabarani, nayarudia kwa sauti peke yangu. Moja linauliza ni kitu gani kinazuia mhimili mmoja wa serikali usizidi nguvu. Mbele ya ofisa nilijibu vizuri. Kulielewa, nilikuja kulielewa Youngstown.

Youngstown ni mji wa chuma, kaskazini mashariki mwa jimbo. Ukipita leo kando ya mto Mahoning utaona viwanja vitupu mahali palipokuwa na matanuri, maana kiwanda kikubwa cha Campbell kilitangaza kufungwa Septemba 1977 na maelfu wakakosa kazi. Siku moja nasubiri kupakuliwa mzigo, mzee mmoja pale ghalani akaniambia baba yake alifanya kazi kwenye kampuni iliyomshinda rais mahakamani. Nikadhani ni soga. Usiku nikaitafuta hiyo kesi, nikaisoma hadi saa nane.

Mwaka 1952 Marekani iko vitani Korea. Wafanyakazi wa chuma wanataka kugoma. Rais Harry Truman anaona bila chuma hakuna mizinga wala risasi, hivyo tarehe 8 Aprili anasaini amri: waziri wa biashara avichukue viwanda, viendeshwe kwa niaba ya serikali. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye ni amiri jeshi mkuu na askari wako vitani. Wenye viwanda wakakimbilia mahakamani. Tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu ikamkatalia, majaji 6 kwa 3. Jaji Hugo Black akaandika kwamba mamlaka ya rais lazima yatoke kwenye sheria ya Bunge au kwenye Katiba yenyewe. Truman hakuwa na cha kuonyesha, si hapa wala pale. Uamiri jeshi mkuu haumpi rais viwanda vya raia.

Hapa ndipo wanafunzi wako watege masikio. Sheria ya kushughulikia mgomo ilikuwepo, ile ya Taft-Hartley ya 1947. Truman angeweza kuiomba mahakama isimamishe mgomo kwa siku 80. Hakuipenda sheria ile. Aliipigia kura ya turufu, Bunge likaipitisha tena kwa theluthi mbili. Na wakati wa kuitunga, Bunge lilikataa kabisa kumpa rais mamlaka ya kuchukua viwanda. Kwa hiyo alipita mlango ambao Bunge lilikwisha ufunga. Jaji Robert Jackson aliyaeleza kwa namna ninayoipenda sana: rais akiwa na Bunge nyuma yake, nguvu yake iko juu kabisa; Bunge likinyamaza, anatembea kwenye ukungu; akienda kinyume cha Bunge, nguvu yake iko chini kabisa.

Sasa turudi kwa mjomba. Siku 25 baada ya hukumu ya chuma, tarehe 27 Juni 1952, Bunge hilohilo lilipitisha sheria kubwa ya uhamiaji, nayo pia Truman alikuwa ameipigia kura ya turufu. Humo kuna kifungu 212(f): rais akiona kuingia kwa wageni wa kundi fulani kunadhuru maslahi ya nchi, anaweza kuwasimamisha kwa tangazo, kwa muda anaoona unafaa. Lile tangazo la Januari 2020 lililoigusa Tanzania lilisimama juu ya kifungu hicho. Truman alikwenda kwenye chuma mikono mitupu. Huyu wa 2020 alikuwa na ufunguo uliochongwa na Bunge miaka 68 kabla yake.

Ufunguo wenyewe ni mkubwa mno, na hilo linaniuma. Jirani zangu hapa Columbus ni Wasomali, niliwaona mwaka 2017 rais alipowazuia ndugu zao kuingia kwa kifungu hichohicho. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Juni 2018 majaji 5 kwa 4 wakasema kifungu kinamruhusu rais. Anayeweza kukipunguza ni Bunge, na hadi leo halijakipunguza.

Kwa hiyo Jumatatu wape swali moja tu: karatasi aliyosaini imetaja sheria gani?

BintiSheria_Udsm

Kaka dereva ameeleza vizuri, naongeza kidogo. Rais hakuifuta bahati nasibu yenyewe. Iliwekwa na sheria ya 1990, viza hadi 55,000 kwa mwaka, na ni Bunge pekee linaloweza kuifuta. Alichosimamisha ni Watanzania kuingia kupitia njia hiyo. Mwanafunzi, mtalii au mke wa raia hawakuguswa. Mwaka uleule, kwenye makatazo mengine ya wakati wa korona, jaji wa Washington aliona kwamba kusimamisha watu wasiingie hakumaanishi maofisa waache kushughulikia viza, akaamuru kazi iendelee kabla ya mwaka wa bahati nasibu kwisha tarehe 30 Septemba. Zuio la Tanzania liliondolewa tarehe 20 Januari 2021, kwa kalamu ya rais mwingine, siku aliyoapishwa.

Na wewe Mpembuzi77, msamaha wa rais ni kwa makosa ya serikali kuu tu. Aliyefungwa kwa sheria ya jimbo la Ohio, rais hawezi kumtoa.

MwalimuTanga

Marahaba dereva, na asante binti. Nimeandika yote kwenye daftari la maandalio. Lakini yule mtoto namjua, atarudi na jingine: mahakama haina askari. Truman angekataa je?

DerevaOhio

Nami nililiwaza hilo usiku ule. Truman alikasirika sana, lakini viwanda alivirudisha siku ileile. Mgomo ukaanza, ukachukua siku 53, na vita vya Korea vinaendelea. Mwalimu, majaji wote tisa walikuwa wameteuliwa na yeye au na Roosevelt wa chama chake. Kati ya wale 6 waliomkatalia yumo Tom Clark, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali yake kabla hajampa ujaji. Mwambie binti hilo.

Alhamisi nina mzigo wa Youngstown. Nitapiga picha pale mtoni palipokuwa na kiwanda, niiweke hapa uwaonyeshe.