Rejista tunalipia, rejista yenyewe kuiona ni tabu?? (L'shi)

Bandugu munivumilie, leo niko na kasirani kabisa. Niko na kaduka ka kopi na kupiga barua hapa Lubumbashi, Kongo, mu komini yenye jina Kenya, mashini mbili na ordinateri moja, basi. Anakuya ajenti wa komini na mambo ya patanti (kodi ya kufanya biashara), hajatoka hata pa mulango anaingia mwengine juu ya kibao changu (eti ni publisite, na kimeandikwa tu KOPI na rangi nyekundu), kisha mwengine anaomba nimero ya RCCM (njo rejista ya biashara), nimero ya impo (kodi), identifikasio nasionale, kila mumoja na kikaratasi chake, kashe yake, bei yake. Uliza ile bei imeandikwa wapi, anakutazama sawa vile umetukana mama yake. Ukikawiya wanapiga sele pa mulango, duka inafungwa.

Kulipa sikatai. Rejista ya biashara iko na maana, njo kitabu chenye kuonyesha nani anafanya biashara na nani ameshaweka mali yake rehani, ili ukitaka kumukopesha mutu feza juu ya kamio yake ujue kama benki haijaikamata tayari. Sasa mimi mutu wa kuniuzia karatasi aliomba avansi kubwa, nikasema niende kwanza kuangaria kama kampuni yake iko kweli. Ku biro, sitaitaja, wakasema andika barua, lipa, utarudi. Barua nikapiga mwenyewe, dosie ikarudishwa juu kopi hazitoshi. Mimi mwenye mashini ya kopi!! Na jibu mpaka leo hakuna.

Kule Uingereza bei ya kuandikisha kampuni ku intaneti ilipanda mu 2024 toka pauni 12 mpaka 50, lakini tangu 2015 mutu yeyote anafungua rejista yao anasoma bure. Analipa, anaona. Siye tunalipa na tunalipa tena kuona.

Na hii njo inanichoma zaidi. Sheria ya biashara ya OHADA (umoja wa inchi za Afrika zenye kutumia sheria moja ya biashara), ile ya 2010, na Kongo iliingia OHADA mu 2012, inasema mufanyabiashara mudogo, ule wanaita antreprenani, anatangaza kazi yake ku grefe (biro ya karatasi ya tribinali) BILA KULIPA, wanamupa nimero, anaanza kazi. Nikauliza juu ya hiyo, wakacheka. Nani atakuambia njia ya bure na yeye anaishi na ile ya kulipa? Mwaka ule ule wa 2012 serikali ikaanzisha gishe inike ili kila kitu kiwe pa fasi moja, sawa, kufungua biashara kukawa mwepesi kidogo, lakini kisha kufungua ba ajenti ni wale wale, kila mumoja na kitabu chake cha risiti.

Kama kuko mutu hapa mwenye alipata nimero ya antreprenani bila kutoa franga, hata moja, aseme ni ku grefe ya muji gani na aliomba karatasi gani. Na wale wa "lipa tu papa, uache makelele" mupite mbali na huu uzi.